Waje saa nane za usiku

Miaka 11 ya mwisho ya ualimu wangu, siku yangu ilianza kwa kitambaa cha maji. Nilifika shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele haijalia, nikachota maji ndooni, nikapangusa madawati ya darasa la tatu moja moja. Yalikuwa madawati 22. Nikifika la tano maji yalikuwa yameshageuka rangi ya kahawa tungu. Nikifika la kumi niliyamwaga nikachota mengine. Vumbi la barabarani sisi wa upande wa bara wa Mombasa tunalijua: jekundu, zito, ukilipiga kofi linaruka. Lile halikuwa hilo. Lilikuwa jeusi, laini kama wanja, lenye kumetameta kidogo likipigwa na jua, na ukilipitishia kidole linaganda kidoleni mpaka uoshe kwa sabuni. Hilo ndilo walilolikuta watoto wa miaka minane na tisa pale wanapoweka daftari, na pale wanapoweka andazi lao la saa nne.

Hatua 140 kutoka ukuta wa shule yetu kuna kiwanda cha kuyeyusha vyuma. Nimezihesabu hatua hizo mwenyewe, Jumamosi moja, nikiwa nimevaa raba. Kinachoyeyushwa humo ni skrapu: mabati yaliyochakaa, bodi za matatu zilizokatwakatwa, vitanda, mageti, vyote vikiletwa na vijana wa mikokoteni kutoka vichochoro vya Changamwe na Jomvu, na kwa malori kutoka mbali zaidi. Vyuma hivyo havifiki vikiwa safi. Vina rangi, vina mafuta ya injini, vimeshikana na mipira na plastiki, na mabati yana zinki. Vikitiwa tanuruni chuma kinabaki, hivyo vingine vinapanda hewani. Kuvinasa kunawezekana. Juu ya tanuru huwekwa kifuniko cha kufyonza moshi, moshi ukapitishwa kwenye mifuko mikubwa ya kuchuja, vumbi likabaki humo. Mitambo hiyo ipo, inauzwa. Lakini feni zake zinakula umeme, na mifuko hutoboka ikataka kubadilishwa. Ikizimwa usiku, nani ataona?

Sikitaji kiwanda hicho kwa jina. Nikikitaja kimoja, vingine vitajiona havihusiki, na wako wasomaji wa Mariakani na wa Athi River ambao hawahitaji kuelezwa ninasema nini.

Mtu wa pwani haambiwi upepo unatoka wapi. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, na kwa jinsi kiwanda kilivyokaa, kaskazi ndiyo inayotuletea moshi madarasani. Kusi ikiingia tunapata nafuu sisi, wakashika zamu wenye nyumba za upande wa pili. Basi tumekuwa tukipokezana moshi mmoja mwaka nenda mwaka rudi, wao wakilalamika Julai sisi tukiwa kimya, sisi tukilalamika Februari wao wakiwa wanaanika nguo zao bila wasiwasi. Ilituchukua muda mrefu, na najuta kwa hilo, kukaa mkeka mmoja na kuona kwamba malalamiko yetu ni mamoja. Kule ofisi ya mazingira yalikuwa yakipokewa kama manung'uniko ya watu wawili watatu.

Wakati mbaya kuliko wote ni alfajiri. Upepo wa bahari bado haujaamka, hewa imetulia tuli, na moshi uliotoka usiku unakuwa umelala chini, kimo cha mtoto. Ndiyo saa wanayotembea kuja shule.

Darasa letu halikuwa na vioo. Lilikuwa na nondo na vibao vya mbao. Sasa fikiria Februari, Mombasa, watoto 58 chini ya paa la mabati. Ukifunga vibao wanasinzia kwa joto, jasho linadondokea vitabuni. Ukifungua wanaanza kukohoa, mmoja, halafu safu nzima. Nimefunga, nikafungua, nikafunga tena ndani ya kipindi kimoja cha hesabu. Nimesoma kwamba huko Taranto, kusini mwa Italia, ambako mtaa wa Tamburi unapakana na kiwanda kikubwa mno cha chuma, meya amewahi kuamuru shule zifungwe siku ambazo upepo unavuma kutoka upande wa kiwanda. Januari 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Italia haikuwalinda watu wa Taranto. Lakini hebu tuitazame amri ile ya kufunga shule. Mwenye kosa anaendelea na kazi, asiye na kosa anaambiwa abaki nyumbani. Dawa ya namna hiyo siitaki kwetu, na nimeshawahi kuisikia ikipendekezwa kikaoni, kwa nia njema kabisa.

Mwaka mmoja nilianza kutia nukta nyekundu kwenye daftari la mahudhurio kila siku niliyofika nikakuta moshi. Sikumwambia mtu. Mwisho wa muhula nilikaa na daftari lile usiku mzima, nikihesabu kwa kidole. Siku zenye nukta, na siku moja au mbili baada yake, ndizo zilizokuwa na watoto wengi waliokosa shule. Daftari la mwalimu si utafiti, nalijua hilo. Mtoto hukosa shule kwa malaria, kwa mvua, kwa kukosa nauli, kwa mama kujifungua. Lakini daftari lile lingetosha kumfanya mtu mwenye dhamana aulize swali la pili.

Kulikuwa na msichana mmoja, sitasema zaidi ya hayo, aliyekaa karibu na mlango kwa sababu nilimweka hapo. Alikuwa na pumu. Mama yake alikuwa akiuza viazi karai jioni. Usiku kifua kikimbana, mama alimfunga leso, akatafuta boda, akamkimbiza hospitali akavutishwe dawa kwa mashine. Asubuhi anarudi nyumbani hajalala, mtaji wa viazi umekwenda kwenye boda na inhela. Yalipotokea mara ya nne katika mwezi mmoja alikuja kwangu, akaketi kwenye dawati la nyuma, akaniuliza: “Mwalimu, hivi nimlaze wapi huyu mtoto?” Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kiwanda. Shule ya mtoto ilikuwa mbele ya kiwanda.

Tukaandika barua. Wazazi 31 walitia saini, wengine dole gumba. Tuliipeleka wenyewe ofisini. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu wa heshima, nasema kweli, alitupa viti na maji ya kunywa. Kisha akauliza: “Mama, ushahidi mnao? Mna ripoti ya daktari inayosema kwamba moshi wa kiwanda hiki ndio uliomwumiza mtoto huyu?”

Daktari anaandika “pumu”. Haandiki dohani. Hakuna daktari awezaye kuyafungua mapafu ya mtoto akakuta jina la mtu humo. Na vumbi lile jeusi nililolipangusa ndilo kubwa, ndilo pua inaloweza kulizuia kidogo. Linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na kupita hata kwenye damu, ni chembe zisizofika maikromita 2.5, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja unazizidi unene karibu mara 30. Hizo sikuziona wala kitambaa changu hakikuzishika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizo kutoka wastani wa maikrogramu 10 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo ya hewa hadi 5, kwa sababu madhara yalikuwa yakionekana hata chini ya kile cha kwanza. Mtoto, kwa uzito wa mwili wake, anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Mama wa viazi angepima hayo kwa kifaa gani?

Baada ya miezi kadhaa ukaguzi ulifanyika. Tuliarifiwa wiki moja kabla. Kiwanda nacho kiliarifiwa. Wakaguzi walikuja saa nne asubuhi, jua kali, gari jeupe. Siku hiyo bomba la moshi lilikuwa safi kama bomba la maji. Walizunguka, wakaandika, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Usiku wa siku ile ile, saa nane, jirani yangu alinipigia simu akaniambia nitoke nje nitazame. Nilitoka na kanga yangu. Anga juu ya kiwanda ilikuwa nyekundu kwa chini na nyeusi kwa juu, na koo liliwasha kabla sijafika kwenye mlango wa uani. Nilipiga picha kwa simu. Picha ya usiku ya simu ya mwalimu ni weusi mtupu na doa jekundu. Huo ndio ushahidi niliokuwa nao.

Ninachosema leo ni kimoja. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa juu ya kichwa kisichoweza kuubeba. Anayetoa moshi ana bomba lake, ana mhandisi wake, anajua anachoyeyusha na saa anayokiyeyusha. Anayevuta moshi ana kikohozi tu. Halafu tunamwambia mwenye kikohozi alete ushahidi.

Na sheria yetu haikusema hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikiwa hatarini kuvunjwa, kisha kinaongeza neno ambalo natamani lingebandikwa ukutani katika kila ofisi ya mazingira nchini: mlalamishi halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au aliyeumia. Waliotunga maneno hayo walijua wanachofanya. Walijua kwamba tukisubiri mpaka mtu aumie ndipo tuulize, tutakuwa tumechelewa. Lakini mlangoni mwa ofisi swali la kwanza bado ni lile lile: nani ameumia, na cheti kiko wapi?

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Owino Uhuru iko Mikindani, mwendo wa matatu moja kutoka nyumbani kwangu. Mwaka 2007 kilianza pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi, ukuta wake ukigusana na nyumba za watu wapatao 3,000. Kwa Kiswahili chetu risasi ni jina la madini hayo na ni jina la kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na wanafunzi wangu waliniuliza zaidi ya mara moja kama ni kitu kimoja. Niliwajibu kwamba ya pili hutengenezwa kwa ya kwanza. Sikuwaambia ya kwanza inafanya nini ikiingia mwilini bila bunduki: inaharibu ubongo wa mtoto unaokua, inamfanya mzito wa kuelewa na mwepesi wa hasira, inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, na mama mjamzito anaweza kumpitishia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda kile. Mwanawe mchanga aliugua, damu ikapimwa, ikakutwa na risasi. Aliacha kazi, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Alikamatwa. Aliendelea. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Kesi ya wakazi ikaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa, na Julai 2020 ikaamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.3. Lawama haikukiangukia kiwanda peke yake. Taasisi za serikali zilizopaswa kuzuia madhara yale, ikiwamo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zilibebeshwa sehemu yao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyeingia darasa la kwanza kiwanda kilipoanza alikuwa mtu mzima wa miaka 23 au 24 siku Mahakama ya Juu iliposema alikuwa na haki. Nawapongeza watu wa Owino Uhuru kwa moyo wangu wote. Lakini sitaki mtu aniambie kwamba njia ile ndiyo njia. Miaka 17 ni shule ya msingi, sekondari na chuo.

Kuna jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza. Baba wengi wa watoto niliowafundisha wanafanya kazi kiwandani mle. Saa kumi na moja alfajiri wamesimama getini, vibarua, wakisubiri kuitwa. Mmoja wao alinisimamisha barabarani baada ya habari za barua yetu kuenea. Hakunitukana. Alisema, “Mwalimu, ile karo ya mtihani niliyokuletea, uliipokea. Ilitoka mle.” Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikaliwaza. Jibu ninalo sasa, na nampa hapa kama anasoma: baba, mimi sijaomba kiwanda kifungwe. Nimeomba feni ziwashwe usiku kama mchana. Wewe unaivuta ile hewa kwa karibu kuliko mtu yeyote, ukiwa umefunga kitambaa tu puani, kisha unarudi nyumbani na vumbi kwenye shati, na mtoto anakurukia kukupokea. Barua ile ilikuwa yako pia.

Wengine wanasema kiwanda kilitangulia, watu ndio waliokifuata. Kwingine huenda ni kweli. Kwetu si kweli. Jiwe la msingi la shule lilikuwa ukutani wakati pale palipo tanuru palikuwa ghala la majani ya chai, na harufu iliyokuwa ikivuka ukuta ilikuwa ya chai. Ghala likauzwa, tanuru likaletwa. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 ziliagiza mradi wa namna hiyo utangazwe kwa mabango karibu na eneo lenyewe, kwenye gazeti na redioni, na ifanywe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Mimi nilikuwa nikipita getini pale mara mbili kwa siku. Bango sikuliona. Mkutano sikuitwa, wala mwalimu mkuu, wala mzee wa mtaa. Kama mikutano ilifanyika, ilifanyika na nani?

Kwa hiyo, kwa wenye mamlaka, wa kaunti na wa taifa, ninayoyaomba si makubwa. Wekeni kifaa cha kupima hewa kwenye ukuta wa shule, kwa gharama ya mwenye kiwanda, lakini funguo zake zikae kwa mtu mwingine. Vifaa vidogo vya namna hiyo siku hizi vipo. Kinachosomwa kiandikwe kila asubuhi kwenye ubao mbele ya geti la kiwanda, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, ili mama anayempeleka mtoto shule aone kabla hajavuka barabara. Siku namba ikipita kiwango, tanuru ndilo lipumzike, darasa liendelee. Watoto wetu wapimwe damu na vifua na idara ya afya ya kaunti, shuleni, bila malipo. Na kiwanda kipya kisipewe leseni kabla ofisa wa leseni hajatembea kwa miguu yake kutoka tanuru lilipopangwa mpaka mlango wa darasa lililo karibu zaidi, akaziandika hatua zake kwenye faili.

Nimestaafu sasa. Mwalimu aliyeshika darasa langu ni kijana, ana bidii, na aliponiuliza ni kitu gani cha kwanza anachopaswa kujua kuhusu darasa lile, nilimwonyesha kitambaa kilipo.

Msichana wangu wa pumu alihamishwa, akapelekwa kwa nyanya yake Kilifi. Mama yake amebaki, biashara yake iko hapa. Humwona mwanawe likizo.

Wakaguzi nao nawaomba tena. Waje Februari, kaskazi ikivuma, saa nane za usiku, bila kumpigia mtu simu. Kiwandani wasiingie kwanza. Waje shuleni, wasimame uwanjani chini ya mwembe, wavute pumzi. Bawabu tumeshazungumza naye. Atawafungulia lango.